Moshi wa Meli na Ule Uongo wa "Baharini Hakuna Mtu"

Wasee, Desemba iliyopita nilikuwa Mombasa kwa binamu yangu. Jioni moja tukashuka Mama Ngina Waterfront kama kila mtu, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukakaa kuangalia meli. Kama umewahi kukaa pale unajua: mlango wa Kilindini ni mwembamba, meli inapita karibu mpaka unasoma jina lake. Ikapita moja ya makontena, ndefu kama mtaa mzima, na kwenye bomba lake unatoka moshi mweusi, mzito, unaolala chini badala ya kupanda juu.

Nikauliza tu, "Huu moshi wote huwa unaenda wapi?"

Binamu yangu, bila kuinua macho kwenye simu: "Si unaenda tu baharini. Huko hakuna mtu."

Mama aliyetuuzia mihogo akacheka. "Baharini? Kaskazi hii? Mwanangu, upepo watoka baharini waja kwetu. Mimi nakaa Likoni."

Hayo majibu mawili yalikataa kunitoka kichwani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina mwalimu wa kuniambia nisome nini. Nina bando na nina muda. Nikaanza kusoma historia ya moshi wa meli, na venye nilizidi kusoma ndivyo nilizidi kuona kwamba historia yote ni ubishi kati ya binamu yangu na yule mama. Kwa zaidi ya miaka 100 dunia iliendeshwa na jibu la binamu yangu. Leo nataka tuone ilikuwaje, nani aliilipia, na kwa nini jibu la mama lilichelewa hivyo.

Mapafu ya kwanza yalikuwa ya watu wetu

Tuanze zamani kidogo. Kabla ya moshi, bahari yetu iliendeshwa na upepo. Jahazi lilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na India, likarudi na kusi. Ukikosa upepo unangoja. Ni hivyo tu.

Halafu zikaja meli za mvuke. Waingereza waliichukua Aden mwaka 1839, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kituo cha makaa ya mawe. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, meli za mvuke zikapata njia ya mkato ambayo majahazi hayangeweza kushindana nayo. Kuanzia hapo Bahari ya Hindi ikaanza kuvuta moshi kila siku.

Sasa sikia hii, kwa sababu hawakutufundisha shuleni. Nani alikuwa anatia hayo makaa kwenye tanuri, chini kabisa ya meli, kwenye joto ambalo hata kusema huwezi? Wengi walikuwa Waafrika. Meli za Waingereza kwenye bahari hii ziliajiri vijana kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na Wasomali na Wayemeni, kuwa wachochea moto. Wale wa pwani yetu waliitwa "Seedi". Kwa hivyo mtu akikuambia moshi wa meli ni mambo ya wazungu, mwambie mapafu ya kwanza kuuvuta yalikuwa ya kina babu.

Mabaki ya jikoni

Mwaka 1911 Winston Churchill alipewa wizara ya jeshi la majini la Uingereza. Yeye na wenzake wakaamua meli kubwa mpya za kivita zitumie mafuta peke yake, sio makaa. Mafuta yana nguvu zaidi kwa kila tani, hayahitaji jeshi la watu wa kutia makaa, na unaweza kujaza tangi haraka. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za kampuni ya Anglo-Persian ili isikose mafuta. Na mwaka 1912 Wadenmark walikuwa tayari wametoa Selandia, moja ya meli za kwanza za bahari kuu kutumia injini ya dizeli, ikasafiri kutoka Copenhagen mpaka Bangkok.

Watu wakasema haya, sasa moshi umeisha. Na kweli kwa macho ulipungua. Lakini hapo ndipo hadithi inageuka.

Mafuta ghafi yakiingia kiwandani, yanachemshwa na kutenganishwa. Inatoka petroli, mafuta ya taa, dizeli. Kile kinachobaki chini kabisa ni kitu kizito, cheusi, kama lami. Ukitaka kukipitisha kwenye mabomba lazima kwanza ukipashe moto. Ni yale mabaki ya sufuria ambayo hakuna mtu anataka kwa sahani. Na salfa iliyokuwa kwenye mafuta ghafi, sehemu kubwa inabaki humo.

Sasa uko na mlima wa mabaki. Utayapeleka wapi? Hapa anaingia mhandisi mmoja Mwingereza, John Lamb. Miaka ya 1940, baada tu ya vita, alifanya majaribio kwenye meli ya kubeba mafuta iliyoitwa Auricula, akaonyesha kwamba injini ya dizeli ya meli inaweza kuchoma hayo mabaki badala ya dizeli safi. Wenye meli wakafurahi, kwa sababu mabaki ni bei rahisi. Wenye viwanda vya mafuta wakafurahi zaidi, kwa sababu taka yao imepata mnunuzi.

Kulikuwa na shida moja tu. Kumbuka kemia ya kidato cha pili: salfa ikiungua inakuwa dioksidi ya salfa, na ikikutana na unyevu inageuka kuwa asidi. Hiyo asidi ilikuwa inakula vyuma vya injini kutoka ndani. Injini ya pesa nyingi inaliwa kama jino bovu.

Basi wakafanya nini? Walitoa salfa kwenye mafuta? Hapana. Miaka ya 1950 walitengeneza oili maalum yenye kemikali za kuua asidi, ikawa inamwagwa ndani ya silinda ili ilinde chuma. Injini ikapona. Iliyobaki ya salfa ikapanda bombani na kwenda zake.

Manze, soma hapo tena polepole. Walijua salfa inaumiza. Walijua inaumiza chuma, wakatafuta dawa ya chuma. Nyama ya mapafu ikangoja miaka mingine 50. Nikifika hapo ndio nilijua lazima niandike hii kitu.

London ilipata sheria, bahari ikapata bendera

Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa kwa siku tano. Watu hawakuona hata miguu yao. Makadirio ya wakati huo yalisema watu kama 4,000 walikufa. Wataalamu wa baadaye wamepandisha hesabu hadi karibu 12,000. Kilichoua sana kwenye ule moshi kilikuwa masizi na salfa. Mwaka 1956 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi.

Kwa hivyo miaka ile ile ambayo London inaambiwa iache kuchoma uchafu nyumbani, meli zinafundishwa kuchoma uchafu mbaya zaidi baharini. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba maiti za London zilikuwa na wabunge. Mawimbi hayana mbunge.

Na kuna ujanja mwingine. Meli inafuata sheria za nchi ambayo bendera yake inapeperusha. Liberia ilifungua orodha yake ya meli mwishoni mwa miaka ya 1940, Panama ilikuwa imeanza mapema zaidi. Leo hizo mbili pamoja na Visiwa vya Marshall ndizo zinaongoza duniani kwa bendera. Kwa hivyo meli moja inaweza kuwa na mwenyewe Ugiriki, bendera ya Liberia, mabaharia Wafilipino, mafuta kutoka Singapore, na moshi wake uko mbele ya Lamu. Sasa wewe wa Lamu ukikohoa, unamshtaki nani? Ni kama matatu imekugonga halafu unaambiwa nambari yake ya usajili ni ya nchi ambayo hiyo matatu haijawahi kufika.

Shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia meli, IMO, liko London, kando ya mto Thames. Mkataba wa kuliunda ulipitishwa 1948. Mkataba mkubwa wa kuzuia uchafuzi wa meli, MARPOL, ulipitishwa 1973. Ulizungumzia mafuta yanayomwagika, kemikali, maji machafu. Hewa haikuwemo. Mafuta yakimwagika yanaonekana, ndege wa baharini wanapigwa picha wakiwa weusi, watu wanalia. Moshi unapeperuka, na kila mtu anajiambia lile neno la binamu yangu.

Bahari ilikuwa inaandika kila kitu

Lakini hewa ina kumbukumbu. Mwaka 1965 setilaiti za hali ya hewa za Marekani zilipiga picha za Bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California. Kwenye mawingu kulikuwa na mistari mirefu, myeupe, kama mtu amechora na chaki. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja, John Conover, akaandika kuihusu. Jibu likaja kuwa rahisi: ni meli. Chembechembe za moshi wao zinakuwa mbegu za matone ya maji. Matone yanakuwa mengi na madogo, wingu linang'aa kuliko majirani zake. Meli zilikuwa zinatia sahihi angani na sisi hatujui.

Halafu ikaja zamu ya bahari yetu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha ramani ya gesi za nitrojeni kutoka kwa setilaiti. Kati ya ncha ya kusini ya India na Indonesia kulikuwa na mstari ulionyooka juu ya maji matupu. Hakuna mji hapo, hakuna kiwanda. Ni barabara ya meli. Na sikia utamu wa hii: ule mstari ulikuwa unasogea kidogo kaskazini au kusini kulingana na msimu wa pepo za monsuni. Hizo pepo ni ukoo mmoja na kaskazi na kusi zetu, zile zilizoleta majahazi ya babu. Watafiti walitumia huo msogeo kupima gesi inakaa hewani muda gani. Yule mama wa Likoni angewaambia bure kwamba moshi unafuata upepo, lakini sawa.

Mwaka 2017 ikatoka nyingine iliyoniacha mdomo wazi. Wanasayansi wakiongozwa na Joel Thornton wa Chuo Kikuu cha Washington waliangalia rekodi za radi za miaka 12. Juu ya njia kuu za meli, mashariki mwa Bahari ya Hindi na kwenye Bahari ya China Kusini, radi zilikuwa karibu mara mbili ya zile za maji ya pembeni. Hali ya hewa ni ile ile, bahari ni ile ile, tofauti ni moshi. Matone yakiwa madogo yanapanda juu zaidi, yanaganda, barafu inagongana, umeme unajijenga, radi inapiga. Tulikuwa tunabadilisha mvua ya radi katikati ya bahari, mahali "hakuna mtu".

Hesabu ya watu

Sasa tuje kwa hao watu ambao hawapo.

Ukiangalia ramani, meli hazitembei ovyo katikati ya bahari. Zinafuata njia, zinazunguka ncha za nchi, zinaingia bandarini. Karibu asilimia 70 ya moshi wao hutoka ndani ya kilomita 400 kutoka nchi kavu. Na chembechembe za salfa zinaweza kukaa hewani siku kadhaa, zikisafiri mamia ya kilomita. Weka hizo mbili pamoja. Moshi unatoka karibu na ufuo, na una wiki nzima ya kutembea. Unadhani utaenda kulala kwa samaki?

Hizo chembechembe ni ndogo mno. Pua haizishiki, koo halizishiki. Zinafika chini kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Hapo tunazungumzia pumu, saratani ya mapafu, mshtuko wa moyo.

Mwaka 2007 James Corbett na wenzake walitoa makadirio: moshi wa meli ulikuwa unachangia vifo kama 60,000 kila mwaka, vingi karibu na pwani za Ulaya, Asia Mashariki na Asia Kusini. Mwaka 2018 utafiti mwingine wenye hesabu mpya ukasema mafuta yasipobadilishwa, vifo vingekuwa karibu 400,000 kwa mwaka, na watoto kama milioni 14 wangepata pumu kwa sababu hiyo. Haya ni makadirio, sio orodha ya majina kutoka mochari. Lakini hata ukiyagawa kwa nusu bado ni watu wengi kuliko vita vingi unavyoona kwenye habari.

Sheria ilikuja ikitambaa

Aliyeamsha mambo ni Norway. Maziwa na mito ya huko ilikuwa inapata mvua ya asidi, samaki wanakufa. Mwaka 1988 Norway ikalipeleka suala la hewa mbele ya IMO. Mwaka 1997 kiambatisho kipya cha MARPOL kikapitishwa, cha hewa. Kikaanza kazi 2005. Hesabu mwenyewe: 1988 mpaka 2005 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku Norway inazungumza alikuwa anamaliza sekondari siku sheria inaanza.

Na hiyo sheria ilisema nini? Ilisema mafuta yasizidi salfa asilimia 4.5. Wakati huo wastani wa mafuta ya meli duniani ulikuwa kama asilimia 2.7. Yaani mtu anaendesha kwa kasi ya 80, unamwekea kikomo cha 130 halafu unajipongeza.

Mwaka 2012 ikashuka hadi 3.5. Wacha nikupe picha ya hiyo namba. Tangu Januari 2015, dizeli inayouzwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi haifai kuzidi miligramu 50 za salfa kwa kilo. Mafuta ya meli mwaka huo huo yaliruhusiwa gramu 35 kwa kilo. Hiyo ni mara 700. Ile matatu unayolalamikia inakutemea moshi usoni inafaa kutumia mafuta safi mara 700 kuliko meli iliyoleta vipuri vyake.

Oktoba 2016 nchi zikakutana London kuamua: tushuke hadi asilimia 0.5 mwaka 2020 au tungoje 2025? Kampuni nyingi za mafuta zilikuwa zinasema mafuta safi hayatatosha. Mezani kukawekwa utafiti uliosema kuchelewa kwa hiyo miaka mitano kungechangia vifo zaidi ya 570,000 vya mapema. Wakachagua 2020. Na unajua nini? Januari 1, 2020 ilifika, meli zikabadilisha mafuta, biashara ikaendelea. Viatu vyako vilifika, simu yako ilifika. Ile dunia iliyokuwa inaenda kuanguka haikuanguka.

IMO yenyewe ilikadiria salfa ya meli ingeshuka kwa asilimia 77, karibu tani milioni 8.5 kila mwaka. Ile mistari meupe kwenye mawingu ikapungua. Na radi pia: kwenye zile njia za meli karibu na Singapore zilishuka karibu nusu. Fikiria hiyo kidogo. Kikao kimoja London kilipunguza radi baharini.

Msiniambie imeisha

Kuna vitu vitatu lazima niseme, la sivyo nitakuwa nimewauzia hadithi tamu tu.

Cha kwanza, kuna mlango wa nyuma. Sheria inaruhusu meli kuendelea kuchoma mabaki ya zamani kama imewekewa mtambo wa kuosha moshi. Maelfu ya meli zimeweka. Mitambo mingi inaosha moshi kwa maji ya bahari, halafu hayo maji yenye asidi na vyuma vizito yanamwagwa baharini. Yaani uchafu umetolewa kwa hewa ukapelekwa kwa maji. Singapore na Denmark ni kati ya nchi zilizopiga marufuku umwagaji huo kwenye maji yao.

Cha pili, kuna jamaa watakuambia kusafisha moshi kumeongeza joto duniani. Hapo wana kipande cha ukweli. Yale mawingu meupe ya moshi yalikuwa yanarudisha miale ya jua, na salfa ilipotoka, kivuli kikapungua. Wanasayansi bado wanabishana ni joto kiasi gani limeongezeka. Lakini angalia hoja yenyewe. Ni kama mtu anakuvutia sigara usoni halafu anasema moshi unakukinga na mbu. Joto limeletwa na kaboni, na dawa yake ni kupunguza kaboni. Huwezi kuniambia mtoto wa pwani aendelee kuwa na pumu ili awe mwavuli wa dunia.

Cha tatu ndicho kinanichoma. Hata baada ya 2020, bahari hazilingani. Kuna maeneo maalum ambako kikomo ni asilimia 0.1: Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada, na tangu Mei 2025 Mediterania nzima, pamoja na upande wake wa Afrika kutoka Misri hadi Morocco. Kwetu huku pwani ya mashariki ya Afrika ni 0.5 tu. Kwa hivyo meli ile ile inayokaribia Rotterdam inabadilisha mafuta, inachoma safi, inakuwa na adabu. Ikija kwetu inaruhusiwa salfa mara tano ya ile. Na hiyo 0.5, ukirudi kwa hesabu yetu ya matatu, bado ni mara 100.

Hakuna sheria ya asili inayosema mapafu ya Rotterdam ni laini kuliko ya Likoni. Kilichotokea ni kwamba nchi za kule ziliandika maombi, zikapeleka takwimu, zikakaa kwenye vikao mpaka zikapewa. Hizo kanda haziji zenyewe, zinaombwa. Kenya ni mwanachama wa IMO. Tanzania ni mwanachama. Msumbiji pia. Hakuna anayetuzuia kuomba.

Na najua swali lako, kwa sababu nimejiuliza pia: mafuta safi si yatapandisha bei ya bidhaa, na maisha tayari ni magumu? Ni swali halali kabisa. Lakini meli moja inabeba maelfu ya makontena, kwa hivyo hiyo gharama inagawanywa kwa mamilioni ya vitu. Gharama ya upande wa pili haigawanywi hivyo. Inamwangukia mtu mmoja mmoja: inhela, foleni ya hospitali, siku za kazi zilizopotea. Hatuchagui kati ya kulipa na kutolipa. Tayari tunalipa, ila risiti inaenda kwa watu wanaokaa karibu na bandari.

Mimi sisemi meli ziondoke. Karibu kila kitu ninachomiliki kilikuja kwa meli, hata hii simu ninayoandikia. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia hupita baharini, na kwa kila tani meli inachoma kidogo kuliko lori au ndege. Ninachosema ni kwamba mara mbili historia ilitupa nafasi ya kusafisha, na mara mbili tukaambiwa haiwezekani. Miaka ya 1950 ilionekana ni rahisi kulinda chuma kuliko mtu. Mwaka 2016 ilidaiwa dunia itasimama. Haikusimama. Kwa hivyo safari ijayo mtu akisema haiwezekani, mwombe kwanza akuonyeshe hesabu yake.

Basi anza hivi. Kama uko Mombasa, Lamu, Tanga au Dar, ukiona meli inaingia, angalia bomba lake, halafu angalia bendera ukutani mwa ofisi ya bandari inapepea upande gani. Dakika moja tu. Utajua moshi unaenda kwa nani. Kisha ukipata nafasi ya kumuuliza mbunge wako au gavana wako swali moja, muulize: pwani yetu itaomba lini ile asilimia 0.1 ambayo wenzetu wa Mediterania wamepata?

Jioni ile meli ilipita, ikapiga honi, ikaingia Kilindini. Moshi ulibaki nyuma yake dakika kadhaa, ukiinama taratibu kuelekea ng'ambo, kule kivukoni ambako mamia ya watu walikuwa wamesimama kwenye foleni ya feri wakirudi nyumbani. Mama akafunga mihogo yake iliyobaki kwenye gazeti, akajitwika beseni, akaenda kujiunga nao.